Maabara si Mpinzani wa Madhabahu

Yako mafundisho yanayotembea katika sharika zetu, nasi tumeamua kuyapinga waziwazi. Hayamo katika ungamo lolote la Kanisa letu, wala hakuna sinodi iliyoyapitisha. Hupita kwa minong'ono katika jumuiya za nyumba kwa nyumba, hupita kwa sauti kubwa redioni na kwenye simu, na siku hizi husikika hata kwa baadhi ya wanaosimama kwenye mimbari. Yanasema kwamba anayemeza vidonge kila siku ana imani pungufu. Yanasema maabara ni mahali pa watu wa dunia hii, na kwamba mtafiti ni mtu anayeshindana na Mungu. Yanasema Mkristo aliyekomaa huomba, na yule mchanga ndiye hukimbilia hospitali.

Tunasema mafundisho hayo ni uongo juu ya Mungu mwenyewe, na uongo huo unaua. Sisi wachungaji tunajua, kwa maana sisi ndio tunaoitwa kuzika. Mama mwenye kisukari aliyeambiwa atupe sindano zake za insulini. Kijana aliyeacha ARV baada ya kusimamishwa mbele za watu atangaze kwamba amepona. Mtoto mwenye degedege la malaria aliyekeshewa kwa maombi mpaka alfajiri, na zahanati iko mwendo wa nusu saa. Mchungaji yeyote aliyekaa usharikani miaka kadhaa anayo makaburi ya namna hiyo katika kumbukumbu yake. Kwa sababu hiyo hatuwezi kulizungumza jambo hili kwa upole wa kupita kiasi.

Mungu gani tunayemkiri?

Kila Jumapili tunasimama na kumkiri Mungu Baba, Muumba. Tunapomaliza kukiri hivyo, wengine wetu hutoka nje na kuishi kana kwamba Mungu aliumba roho tu, na vitu vingine vyote viliumbwa na mwingine. Lakini kama Mungu ndiye aliyeumba mbingu na nchi, basi ndiye aliyeumba chuma, chumvi, ukungu wa mkate, ua la pareto na damu inayozunguka mwilini. Anayechunguza vitu hivyo hajavuka mpaka kwenda nchi ya adui. Bado yuko katika shamba la Baba. Mithali 25:2 inatufundisha kwamba Mungu huficha mambo kwa utukufu wake, na ni heshima ya mfalme kuyachunguza. Kilichofichwa hivyo kinangoja kutafutwa.

Wengine hudhani Roho Mtakatifu hushuka juu ya wahubiri na waimbaji peke yao. Wafungue Kutoka 31. Humo Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza Bezaleli roho yake, na kazi aliyopewa Bezaleli ni kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga miti. Huyo ni fundi. Ni mtu wa karakana, mwenye masizi mikononi. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa ambao Maandiko yanasema walijazwa Roho wa Mungu, yumo mtu tunayeweza leo kumwita mhandisi.

Tusome pia habari za Hezekia katika 2 Wafalme 20. Mfalme aliugua karibu ya kufa, akaomba, akalia. Mungu akamtuma Isaya ampe habari kwamba maombi yake yamesikiwa na ataponywa. Kisha nini? Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, mfalme akapona. Angalieni mpangilio: ahadi ya uponyaji ilikwisha kutolewa, na bado dawa ikatumika. Nabii hakuona kwamba tini zinapunguza utukufu wa Mungu. Sisi ni nani hata tuwe wa kiroho kuliko Isaya?

Na kama tunajiita Walutheri, tumsikie Luther mwenyewe. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, na katika barua yake ya mwaka huo kuhusu kuikimbia tauni aliwaonya watu wa namna mbili. Waoga wanaomwacha jirani yao bila msaada aliwaonya. Lakini aliwaonya vilevile wale wanaojifanya mashujaa, wanaodharau dawa na kujichanganya ovyo na wagonjwa, kwa madai kwamba wanamtegemea Mungu. Hao, alisema, wanamjaribu Mungu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeumba dawa na kutupa akili. Leo hao hao tunawapa kipaza sauti na kuwaita mitume.

Ukiona vyaelea

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuchukue kitu kimoja kilichomo karibu katika kila nyumba ya washarika wetu, kitu tulichokizoea hata hatukioni tena: chandarua chenye dawa. Wengi wanadhani ni kitambaa chenye matundu. Tukieleze kilivyoundwa.

Kwanza ilibidi watu wa biolojia wamfahamu mbu. Walipaswa kujua ni mbu yupi anayebeba vimelea vya malaria, anauma saa ngapi, anapumzika wapi akishashiba. Waligundua kwamba mbu wa jamii ya Anofelesi anayetusumbua huuma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala. Bila ujuzi huo hakuna ambaye angefikiri kwamba kitanda ndicho uwanja wa vita.

Pili, watu wa kemia. Wakulima wetu wa nyanda za juu wanajua kwamba ua la pareto lina sumu inayoua wadudu. Shida yake ni kwamba jua huiharibu haraka. Wanakemia wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walifanya kazi kwa miaka mingi kutengeneza sumu inayofanana na ile ya pareto lakini inayostahimili mwanga. Katika miaka ya 1970 wakapata pemetrini. Mungu aliweka siri ndani ya ua. Watu wakalichunguza mpaka wakaweza kuiga kilichomo.

Tatu, wahandisi. Chandarua kilichochovywa dawa hupoteza nguvu kikifuliwa mara chache, na sote tunajua ni wangapi waliokumbuka kukichovya upya. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ikatafuta njia ya kuchanganya dawa na plastiki yenyewe kabla nyuzi hazijatengenezwa, ili dawa iwe inatoka ndani ya uzi kidogo kidogo na kufika juu. Mwaka 2003 ujuzi huo ulihamishiwa kwenye kiwanda cha A to Z Textile Mills, Arusha. Chandarua kikashonwa na mikono ya watu wa kwetu, na wengi wa hao ni wanawake waliosomesha watoto kwa mshahara huo.

Lakini ni nani aliyethibitisha kwamba chandarua chenye dawa kinazuia malaria kweli? Watafiti wa Amani waliopima vijijini Muheza, waliofanya kazi Bagamoyo, waliohesabu watoto Kilombero na Ulanga chini ya kituo cha Ifakara. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakatoa damu kidoleni, wakaandika, wakarudi tena mwezi uliofuata. Mbu nao hawakulala. Walijenga usugu dhidi ya dawa hiyo. Utafiti ukarudi mezani. Muleba, mkoani Kagera, walijaribu vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja sumu. Matokeo yakatolewa mwaka 2018 na yalikuwa mazuri. Misungwi, mkoani Mwanza, walijaribu vyandarua vyenye dawa ya pili iitwayo klofenapiri. Matokeo ya mwaka 2022 yakaonyesha watoto waliolala ndani yake waliugua malaria kidogo zaidi. Mashirika ya afya ya dunia yanaposhauri leo chandarua gani kinunuliwe, yanategemea kazi iliyofanyika katika vijiji vyetu.

Sasa tunawauliza wanaodharau maabara: mama anapopiga magoti jioni na kumwomba Mungu amlinde mtoto wake dhidi ya malaria, kisha akashusha chandarua, ni lini Mungu amemjibu? Tunasema amemjibu kwa mikono ya wanabiolojia, wanakemia, wahandisi, washonaji, na vijana waliokamata mbu usiku Muheza. Luther alipoeleza maana ya mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo hakusimama kwenye chakula. Alihesabu nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, afya, majirani waaminifu. Chandarua kimo katika hesabu hiyo.

Vivyo hivyo muhogo. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani, milima ya Usambara, watafiti waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini ili kupata mbegu inayostahimili batobato na michirizi ya kahawia. Watafiti wetu wa kilimo wanaendelea na vita hiyo hadi leo, kwa sababu virusi navyo vinaendelea. Anayeubariki muhogo mezani bila kumkumbuka mtu huyo amebariki nusu ya chakula.

Ushuhuda na ushahidi

Tunajua watakavyotujibu. Watasema: lakini watu wamepona, tumesikia ushuhuda wao kwa masikio yetu. Hapa ndipo penye kiini cha mabishano, na tunaomba msomaji atufuate polepole.

Sisi tunaamini Mungu huponya kwa namna apendavyo. Tunawawekea wagonjwa mikono na kuwapaka mafuta kama Yakobo 5 inavyoelekeza, na hatuna mpango wa kuacha. Lakini ushuhuda una kasoro moja ambayo kila mtu mzima anaweza kuiona: waliokufa hawaji kushuhudia. Wakienda watu mia, wakafa tisini, wale kumi watarudi wakiwa na furaha, na kanisa zima litapiga vigelegele. Tisini wamenyamaza. Aliyesikiliza kumi tu hajasikia habari kamili, na anayeipeleka mbele kama habari kamili anaikaribia amri ya nane, ile inayotukataza kushuhudia uongo.

Utafiti mzuri ni nini, basi? Ni bidii ya kuwasikiliza wote mia. Vijiji vya Muleba na Misungwi viligawanywa kwa kura, hiki kipate chandarua hiki na kile kipate kile, ili mtu asipendelee kijiji cha kwao. Kisha wote walihesabiwa, waliougua na wasiougua. Hakuna geni hapa kwa msomaji wa Biblia. Danieli alimwomba msimamizi awajaribu siku kumi kwa mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana waliokula chakula cha mfalme. Aliomba muda maalumu, ulinganisho, na mtu mwingine wa kuamua. Hakusema: niamini mimi kwa kuwa nimeota ndoto.

Zaidi ya hayo, tumtazame Bwana wetu. Alipomtakasa mwenye ukoma katika Marko 1, alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani, yaani kwa mtu ambaye torati ya Walawi 13 ilimpa kazi ya kuchunguza ngozi, kungoja siku saba, na kuchunguza tena. Yesu mwenyewe, ambaye hakuwa na haja ya kuthibitishwa na mtu, alimtuma aliyeponywa akapimwe. Basi mhubiri anayemkataza aliyeombewa asirudi hospitali kupimwa amejifunza kwa nani?

Tuseme wazi kuhusu mambo tuliyoyaona nchini. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Ilisemwa kinatibu kisukari, UKIMWI, saratani na mengineyo. Aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu. Amekwisha kulala, na hukumu ya moyo wake si yetu. Tunachokipinga ni utaratibu. Foleni za magari zilikuwa za siku nyingi, wagonjwa mahututi walitolewa vitandani, wengine walifia njiani, wengine waliacha dawa zao. Laiti tungesema tangu mwanzo, kwa sauti moja: mti huo wa porini ni kiumbe cha Mungu, uchunguzwe kwanza, na hadi hapo mtu asiache dawa yake. Miaka imepita. Magonjwa yale yote bado yanajaza wodi zetu.

Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakiwahi kupita juu ya mafuta ya upako. Watu 20, katika mji ambao una hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa jasho na sadaka za Wakristo. Hakuna aliyekufa siku ile kwa kukosa imani. Walikuwa na imani kuliko wengi wetu. Walikosa waalimu.

Tusije tukaeleweka kwamba tunadharau mitishamba. Dawa mseto ya malaria, ile ALU ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006 baada ya klorokwini na kisha SP kushindwa na usugu, inatokana na mmea wa jamii ya pakanga. Pakanga tunaijua katika Maandiko kwa uchungu wake; katika Ufunuo 8 ni jina la nyota ya maangamizi. Huko China mmea huo ulitumika kutibu homa kwa karne nyingi. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipoanza kuuchunguza, walipata matokeo mazuri leo na mabaya kesho. Akarudi kwenye kitabu cha kale cha tabibu Ge Hong, akaona kwamba mmea haukuchemshwa, ulilowekwa tu na kukamuliwa. Akatambua kwamba joto huenda linaiharibu dawa. Mwaka 1971 akatumia etha inayochemka kwa joto dogo badala ya maji ya moto, na dawa ikapatikana. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa wao wenyewe kuona kama ina madhara. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Huo ndio mti wa porini uliotendewa haki. Pakanga ikawa uzima kwa watoto wetu, kwa sababu mtu alikubali kuuliza, kukosea, na kuuliza tena.

Lakini sayansi nayo imeua

Ndiyo, imeua. Wanaotupinga wanapotaja hilo wana hoja, na hatutaikimbia.

Mwanakemia Mjerumani Fritz Haber, aliyebatizwa ukubwani katika Kanisa la Kilutheri, alivumbua njia ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuiunganisha na haidrojeni kwa kichocheo cha chuma, kwenye shinikizo kubwa na joto kali. Mhandisi Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwandani, na kiwanda cha Oppau kikaanza mwaka 1913. Mfuko wa yurea anaonunua mkulima wa Njombe au Mbeya unatokana na njia hiyo; sehemu kubwa ya wanadamu walio hai leo wanakula kwa sababu yake. Mtu huyo huyo, Aprili 22, 1915, alisimamia gesi ya klorini ilipofunguliwa karibu na Ypres, Ubelgiji, na askari wakafa wakiwa wamekosa pumzi kwenye mahandaki. Mikono ile ile, akili ile ile.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1906 na 1907, daktari mashuhuri Robert Koch alikuwa kwenye visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya Atoxyl yenye aseniki. Alipoona dawa haitoshi, akaongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Hawakuwa na kamati ya maadili ya kuwatetea, wala nafasi ya kukataa.

Mambo haya hayatushangazi sisi tunaofundisha kwamba dhambi imeenea katika kila kazi ya mwanadamu. Imo maabara, imo bungeni, imo sokoni, na haijakosekana ofisini mwa kanisa. Lakini tangu lini tumeacha jambo jema kwa sababu mwenye dhambi amelitumia vibaya? Mbona hatujaacha kuhubiri, na mimbari imetumika kuhalalisha utumwa na ubaguzi? Dawa ya utafiti mbaya ni utafiti wenye hofu ya Mungu na wenye kuwajibika kwa watu. Watu wa Mungu wakijitenga na maabara, watakaobaki humo kuamua nini kitengenezwe, na kwa faida ya nani, ni fedha na majeshi.

Wengine watasema utafiti ni mambo ya wazungu na sisi ni panya wa majaribio. Kumbukumbu ya Sese inatufanya tuichukue hofu hiyo kwa uzito. Hata hivyo tutazame hali ilivyo. Waliofanya kazi Muleba, Misungwi, Ifakara na Korogwe, wengi ni Watanzania, vijana wetu, baadhi yao tuliwapa kipaimara. Mshiriki wa utafiti leo lazima aelezwe na atoe ridhaa yake, na anaweza kujitoa siku yoyote. Kanisa likae pale kama mlinzi. Liulize: je, huyu mama ameelewa alichotia sahihi? Je, watoto wa Bagamoyo na Korogwe walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria, wazazi wao waliambiwa matokeo? Je, dawa iliyothibitishwa kwa damu ya maskini itauzwa kwa bei ambayo maskini anaimudu? Hayo ndiyo maswali ya kinabii. Kupiga kelele kwamba chanjo ina alama ya mnyama si unabii, ni uvivu wa kusoma.

Tunachokitaka

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo tuseme tunachokitaka.

Tunataka pasiwepo mtu, awe mchungaji, mwinjilisti, mzee wa kanisa au mgeni aliyealikwa kwenye semina, atakayemwambia mgonjwa katika usharika wetu aache dawa. Atakayefanya hivyo aitwe mbele ya baraza la wazee siku hiyo hiyo, kama ambavyo angeitwa aliyeiba sadaka. Sadaka hurudishwa; marehemu harudi.

Tunataka ushuhuda wa uponyaji ungoje kipimo. Aliyeombewa arudi kwa daktari, apimwe, na dawa ipunguzwe na yule aliyeiandika. Kama Mungu ameponya, kipimo hakitamwaibisha Mungu.

Tunataka maombi ya kanisa ya kila Jumapili yawakumbuke kwa kazi zao mtaalamu wa maabara, mtafiti wa mbegu, mwanakemia wa kiwandani na mhandisi wa maji, kama tunavyowakumbuka viongozi na wasafiri.

Tunataka harambee zetu zibadilike sura. Sare ya kwaya tunaichangia kwa wiki mbili, gari la mchungaji kwa miezi sita. Ni vyema. Lakini ziko shule za sekondari zinazobeba jina la Kanisa ambamo chumba cha maabara hakina maji bombani, na mtoto wa kidato cha nne anafanya jaribio la kemia kwa kuchorewa ubaoni. Tunamwambia nini mtoto huyo kuhusu Mungu Muumba? Kwamba aliumba vitu, lakini hatutaki uviguse?

Na katika darasa la kipaimara tunataka kijana aambiwe wazi kwamba kumtumikia Mungu hakuishii kwenye joho. Luther aliwafundisha baba zetu wa imani kwamba mwashi, mama wa nyumbani na mtawala wote wana wito. Binti anayependa hesabu na kemia, tusimwambie kwamba karama yake itaanza siku atakapoimba solo. Imekwisha kuanza.

Msingi wa yote haya ni jirani. Amri ya tano, kama Luther anavyoieleza, haituruhusu kuridhika kwamba hatujaua. Inatutaka tumsaidie jirani katika kila hitaji la mwili wake. Mwili wa jirani unahitaji maji safi, chakula, dawa iliyopimwa, na daraja lisilobomoka mvua ikinyesha. Vitu hivyo havidondoki kama mana. Vinatafutwa na watu wanaokesha, wanaopima, wanaokubali kuambiwa kwamba wamekosea. Kesha hilo nalo lina heshima mbele za Mungu, na Kanisa lisiloliona litaendelea kuzika watoto na kuiita mapenzi ya Mungu.

Basi, washarika wapendwa, usiku huu ombeni na watoto wenu. Mwombeni Mungu kwa imani yote mliyo nayo. Mkisema amina, mezeni dawa zenu kama zilivyoandikwa, shusheni chandarua, na kichomekeni vizuri chini ya godoro.